Sentensi Niliyoiwekea Kosa

Mtu aliyekuja kunifundisha kuandika aliniamkia shikamoo. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, mwalimu wa madarasa ya chini kwa miaka kumi na saba, mama wa watoto watatu. Yeye alikuwa binti ambaye, kwa kumtazama tu, ningeweza kuwa ndiye niliyemfundisha a, e, i, o, u. Nikaitikia marahaba, nikakaa kwenye kiti alichonionyesha, na moyoni nikasema: huyu atanifundisha nini?

Nieleze kwanza nilifikaje pale.

Nafundisha shule ya msingi huku Mkunya, wilaya ya Newala. Nilianza na cheti cha ualimu, nikaongeza diploma, kisha nikajiandikisha kusoma shahada ya elimu kwa masafa katika chuo kimoja chenye kituo Masasi mjini. Wanafunzi wake wengi ni watu kama mimi: walimu, manesi, maofisa ugani, watu wenye kazi na familia, wanaofungua vitabu Jumamosi na wakati wa likizo. Mitihani nilifaulu vizuri. Sijawahi kuogopa mtihani maishani mwangu. Kilichonishinda ni tasnifu.

Nilitaka kuandika kuhusu watoto wetu wa huku juu uwandani, kwa nini wanachelewa kujua kusoma na kuandika. Jibu nilikuwa nalo kabla sijaanza: nyumbani wanazungumza Chimakonde, wakija shule wanakutana na Kiswahili, hapo ndipo wanapokwama. Nilikuwa nimelisema hilo kwenye vikao vya walimu mara nyingi na hakuna aliyewahi kunipinga. Nikaiandika sura ya kwanza kwa wiki sita, nikaituma kwa msimamizi wangu. Alikuwa mhadhiri wa kampasi kuu, mtu ambaye sikuwa nimemwona kwa macho. Nilimjua kwa sauti ya simu na kwa maandishi mekundu pembeni mwa kurasa. Sura ikarudi. Juu kabisa ameandika: "Sijaelewa unasema nini. Andika upya."

Nikaandika upya. Nikaongeza maneno mazito zaidi, nikidhani uzito ndio uliopungua. Ikarudi tena: "Bado sijaelewa. Kamwone mwalimu wa uandishi kituoni kwenu."

Niliumia. Mimi ndiye ninayeandika mihutasari ya vikao vya shule. Mimi ndiye niliyeandika risala siku mgeni rasmi alipokuja kufungua madarasa mapya, na watu walipiga makofi hadi mgeni mwenyewe akaomba nakala. Mtaani kwetu mtu akitaka barua ya kwenda halmashauri anagonga mlango wangu. Sasa naambiwa nikafundishwe kuandika!

Aliyenisukuma ni mwenzangu wa masomo, mwalimu mmoja wa Lupaso, mtu mzima kuliko mimi, mpole, mwenye mzaha wa taratibu. Tulikutana Masasi kwenye steshenari, yeye anatoa nakala, mimi naangalia tu kurasa zangu zilivyojaa wekundu.

"Umeshamwona yule binti?" akaniuliza.

"Binti gani?"

"Wa uandishi. Mimi nilimwendea na kurasa arobaini, nikatoka na kumi na mbili. Na hizo kumi na mbili msimamizi amezipokea."

"Na zile nyingine?"

"Zilikuwa hazisemi kitu," akasema, na akacheka bila aibu yoyote.

Kicheko kile ndicho kilichonipeleka. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu akipoteza kurasa ishirini na nane na bado akacheka.

Basi Ijumaa moja ya mwezi wa saba, vipindi vilipokwisha, nikachukua ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikapanda bodaboda hadi Newala mjini na pale nikapata gari la Masasi. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu. Kuanzia Newala hadi chini kabisa mteremko ulikuwa na harufu yake, na mikorosho ya pembeni mwa barabara imepauka kama iliyopakwa unga. Nililala kwa shangazi yangu mtaa wa Mkomaindo, hapo hapo Masasi. Asubuhi ya Jumamosi nikaenda kituoni nikiwa nimevaa gauni langu la kikao, nione huyo binti ana nini.

Chumba chake kilikuwa stoo ya vitabu zamani. Meza moja, viti viwili, feni inayozunguka kwa kusita, na dirisha linalotazama vilima vya mawe vya Masasi. Baada ya salamu akasema, "Karibu, mwalimu."

"Na mimi nikuite nani?"

"Mwalimu pia, kama hutajali."

Tukawa tunaitana hivyo, mwalimu kwa mwalimu, tangu siku hiyo hadi mwisho. Mtu akipita nje asingejua nani anamfundisha nani.

Hakugusa karatasi zangu. Aliniambia nimsomee aya ya kwanza kwa sauti. Nikakohoa, nikasoma kwa sauti ile ya risala: "Katika muktadha wa maendeleo endelevu ya sekta ya elimu nchini, suala la umahiri wa stadi za awali limeendelea kubeba taswira yenye changamoto mtambuka zinazohitaji kutazamwa kwa jicho la kipekee."

Alisikiliza hadi mwisho bila kucheka, namshukuru kwa hilo. Kisha akasema, "Sasa zigeuze karatasi, usizitazame. Niambie tu kwa mdomo: ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kusema kwamba watoto wangu wanafika darasa la pili na wengi bado hawajui kusoma, na mimi sijui nifanye nini."

Nusu ya kwanza nilikuwa nimeikusudia. Nusu ya pili ilitoka yenyewe, na ilipotoka nikashtuka, maana sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Yule binti alikuwa anaandika. Akaigeuza karatasi yake upande wangu, nikaona maneno yangu yote yamekaa pale kwa mwandiko wake mdogo uliosimama wima.

"Hii ndiyo sentensi yako ya kwanza," akasema.

"Hii? Mwalimu, hii ni shahada. Siyo barua ya nyumbani."

"Msimamizi wako akiisoma hii ataelewa?"

Nikazigeuza karatasi zangu, nikaitazama tena ile sentensi ya muktadha.

"Ataelewa," akajijibu mwenyewe, kwa upole lakini bila kuyumba. "Mengine tutayajenga juu yake."

Nilitoka nimekasirika. Kwa shangazi nilimkuta uani anamenya muhogo. Akaniuliza huko shule wamenifundisha nini. Nikamsomea sentensi zote mbili, ile ya muktadha na ile ya binti, nikitegemea atanitetea. Shangazi yangu aliishia darasa la nne. Ile ya kwanza aliisikiliza huku anaendelea kumenya. Ya pili ikamfanya asimamishe kisu.

"Yaani mwalimu ni wewe," akasema, "halafu hujui ufanye nini?"

Nikachukua kisu kingine, nikaanza kumenya naye. Ila niliona wazi kwamba ile ya kwanza haikumfanya aulize chochote.

Nikarudi kwa binti baada ya wiki mbili, na baada ya hapo kila nilipoweza. Kazi yake ilikuwa ya maswali. Nikiandika "imebainika kwamba", anauliza: "Imebainika kwa nani?" Kwangu. "Basi andika: nimebaini." Nikiandika "wadau mbalimbali", ananitaka nimtajie wadau watatu, nikimtajia mwalimu, mzazi na mtoto, anasema basi waandike hao hao watatu. Kila aya alinitaka niiseme kwa pumzi moja. Nikishindwa, tulijua aya hiyo haina kitu na ninaifuta mwenyewe. Hata siku moja hakunyoosha mkono kwenye kompyuta yangu. Mara moja nilichoka nikamsogezea, "Hebu nirekebishie hapa wewe." Akaisukuma taratibu ikarudi kwangu. "Nikirekebisha mimi, siku ya utetezi utasimama na sentensi ya mtu mwingine."

Sura ya kwanza ilipita. Msimamizi aliandika neno moja tu: "Sawa." Nililitazama neno hilo siku nzima.

Sitaki ionekane kwamba mimi nilikuwa wa kupokea tu. Binti alitokea nyanda za juu za Iringa, na huku kwetu alikuwa bado mgeni. Katika sura ya tatu nilinukuu watoto walivyoandika, na mmoja aliandika "balabala" badala ya barabara, kwa sababu kwetu r na l zinapatana sana. Yeye kwenye nakala yangu alizungushia duara neno lile na akaandika pembeni: "tahajia". Na palipokuwa na mtoto aliyesema "chikombe" badala ya kikombe, kama Chimakonde kinavyotamka, pia akazungushia.

"Hapana," nikamwambia. "Haya siyo makosa yangu. Ndivyo walivyoandika na ndivyo walivyosema. Ukiyasafisha, utafiti unakufa."

Akayatazama upya. "Nilidhani ni wewe," akasema.

"Siyo mimi. Na hata ningekuwa mimi, ningekueleza kwa nini."

Akacheka, akafuta maduara yake yote kwa kifutio, moja baada ya jingine. Kuanzia siku ile alikuwa akiona kitu asichokijua, anauliza kwanza ndipo anashika penseli. Nami nikaanza kumpenda.

Tukafika sura ya nne, ya matokeo. Nilikuwa nimepata kibali cha shule na cha wazazi kutumia madaftari ya watoto wa darasa la pili, nikabeba baadhi kwenye mfuko. Zoezi lilikuwa jepesi: angalia picha iliyo kitabuni, andika sentensi moja. Picha ilimwonyesha mama ameinama kando ya mto, mtungi mkononi. Jibu la kitabu ni "Mama anachota maji mtoni." Mimi nilipanga mifano yangu kwa makini, na wa kwanza kabisa ulikuwa wa msichana mmoja, mtoto mkimya anayekaa karibu na mlango. Aliandika: "Mama anachota maji ya kisima cha bibi." Chini yake kosa langu, jekundu, kubwa. Na kwenye tasnifu nilikuwa nimemweka kuwa mfano wa mtoto anayeshindwa kuelewa picha kwa sababu ya lugha ya nyumbani.

Binti aliisoma aya yangu. Akalivuta daftari lenyewe, akalisoma. Akalisoma tena.

"Mwalimu, hapa alikosa nini?"

"Picha inaonyesha mto."

"Ndiyo. Sentensi yake ina kosa gani?"

Nikaitazama. Herufi kubwa mwanzoni ipo. Nukta ipo. "Anachota" imeandikwa sawasawa, neno ambalo nusu ya darasa walilikosea. "Maji ya kisima cha bibi": ya na cha kila moja mahali pake. Niliitafuta kasoro kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, na kila nilipopapasa hapakuwa na kitu.

"Mkunya kuna mto?" akaniuliza. Aliuliza kwa sababu hakujua kweli.

"Hakuna. Mito iko bondeni, mbali, chini ya mteremko. Huku juu tunakinga mvua ya paani, inaingia kwenye kisima kilichojengwa uani kwa saruji. Bomba likitoka, tunachota bombani. Lisipotoka, kisimani."

"Kwa hiyo yeye, mama akichota maji, amemwona..."

Hakumalizia, na haikuwa lazima. Nilikuwa nimeshamwona yule mtoto anaitazama picha ya mto ambao hajawahi kuuona, anafikiri, kisha anaandika kwa Kiswahili kilichonyooka kile anachokijua kuhusu mama na maji. Alikuwa amefanya hasa kile ambacho mimi, mwenye miaka arobaini na mmoja, nilikuwa napanda gari kutoka Newala hadi Masasi kujifunza kukifanya. Na nilimwekea kosa.

"Hakukosa," nikasema. "Nimemkosea mimi."

Binti akaweka penseli chini.

"Sura yako ya kwanza inasema tatizo ni lugha ya nyumbani," akasema. "Daftari hili halisemi hivyo. Sidhani vyote viwili vinaweza kukaa kwenye kitabu kimoja."

"Nikilitoa hili daftari?"

Nilisema hivyo, siwezi kuficha. Muda uliobaki ulikuwa mdogo, sura tatu zilishakubaliwa, na madaftari mengine yalikuwepo ya kutosha ambayo yangeniunga mkono.

"Ni kazi yako, mwalimu," akajibu. "Mimi nakusaidia kuandika. Sikuamulii."

Ningependa angekasirika. Angekasirika ningepata wa kubishana naye. Aliniacha peke yangu na jambo langu, na nilipanda nalo gari hadi Newala.

Jumamosi iliyofuata sikwenda Masasi. Nilikwenda shuleni, nikafungua ofisi ya walimu, nikatoa madaftari yote yaliyokuwa na kibali, ya mkondo wangu kwanza, kisha ya mikondo ya wenzangu, nikayapanga mezani na kuanza kusoma upya kila palipo na kosa jekundu. Sikuangalia jibu la kitabu. Niliangalia mtoto ameandika nini. Palikuwa na picha ya mtu anavuna mahindi, mtoto ameandika "Baba anaokota korosho." Kosa. Palikuwa na picha ya duka, mtoto ameandika "Shangazi anauza ming'oko", ile mizizi ya porini tunayochemsha na kuiuza barabarani. Kosa. Sentensi nzima, safi, kosa. Nilianza kuziandika kwenye karatasi, ikajaa, nikachukua nyingine.

Nilikuta pia makosa ya kweli, mengi. Nilikuta barabara zisizohesabika zilizoandikwa kwa l, nilikuta watoto ambao hawakuandika chochote isipokuwa jina. Lugha ya nyumbani ilikuwemo katika mambo haya, sikutaka kuificha sasa kwa sababu tu nimepata jibu jipya la kupendeza. Lakini haikuwa yote. Kulikuwa na jambo lingine, na jambo hilo lilikuwa limeshika kalamu nyekundu.

Nilimpigia simu msimamizi siku ya Jumatatu, wakati wa mapumziko ya chai, nimesimama nyuma ya madarasa ambako mtandao unapatikana. Nikamweleza yote bila neno "muktadha". Nikamwambia nataka kubadili swali: siyo kwa nini watoto wanakosa, ila ni nini tunachokihesabu kuwa kosa. Nilijiandaa kukataliwa.

"Mwalimu," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza nimekuelewa bila kurudia. Andika hivyo."

Kilichobaki kigumu kilikuwa shuleni kwangu. Mwalimu mkuu wetu ni mtu wa haki lakini anayelinda jina la shule kuliko jina lake. Aliposikia swali langu jipya aliniita ofisini.

"Unataka kutuanika," akasema.

"Hapana, mkuu."

"Watakaosoma watasema walimu wa shule hii hawajui kusahihisha."

Nikaomba wiki moja. Nikaenda Masasi kumwuliza binti nitaandikaje ukweli wa wenzangu bila kuwavua nguo. Akajigonga kidevu kwa penseli.

"Anza na la kwako," akasema. "Kosa uliloweka wewe, kwa mkono wako, na sababu yake. Liandike lote, usijihurumie. Ukishafanya hivyo, msomaji atakuamini ukisema 'sisi'."

Nikaandika. Kurasa mbili juu ya msichana, picha, kisima na kalamu yangu. Sikujihurumia, lakini pia sikujipiga. Nilieleza kwamba nilikuwa na darasa lililojaa, rundo la madaftari, na kitabu chenye jibu moja, na kwamba mtu aliyechoka hulinganisha tu jibu na jibu. Nikampelekea mwalimu mkuu. Alivaa miwani yake, akasoma pale pale huku nimesimama. Alipomaliza akasema, "Keti." Kisha akavuta daftari la darasa lake la nne, akaanza kupekua, na mimi nipo pale. Sikumwuliza anatafuta nini. Baada ya kurasa chache akalifunga.

"Andika," akasema. "Hata kosa la kwangu liweke. Usitaje tu ni darasa gani."

Utetezi ulifanyika Masasi, msimu wa korosho umekolea, magunia yamejaa kwenye maghala na malori yamepanga foleni nje ya mji. Walikuja wahadhiri watatu kutoka kampasi kuu, na mmoja wao alikuwa msimamizi wangu. Mwembamba, mfupi kuliko sauti yake. Mwalimu wa Lupaso alikuja kukaa kiti cha nyuma kunisindikiza, ingawa yeye alishamaliza. Binti hakuwepo. Aliniambia mapema kwamba hataingia. "Ukinitazama mimi hutawatazama wao."

Niliongea nikiwa nimesimama sawasawa. Karatasi ilikuwa mezani na sikuishika. Nilijua kila sentensi kwa sababu kila moja niliwahi kuisema kwa mdomo kabla sijaiandika.

Mmoja wa wale wahadhiri, mama wa makamo mwenye macho makali, alinyoosha kalamu. "Mtafiti, umejiweka mwenyewe ndani ya utafiti. Mbona unajishuhudia?"

"Kwa sababu kosa la kwanza nililolikuta lilikuwa na mwandiko wangu," nikajibu. "Ningelificha, ningekuwa nimewapa ninyi matokeo yenye tundu. Nimelitaja, na nimeonyesha jinsi nilivyoyapitia madaftari mengine pamoja na walimu wawili ambao siyo mimi, ili msinitegemee mimi peke yangu."

Akaandika kitu. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimelisubiri miezi mitano: "Na lugha yako. Ni nyepesi sana kwa tasnifu. Ni makusudi?"

"Ni makusudi," nikasema. "Nataka mwalimu wa darasa la pili aisome akiwa amekaa kwenye benchi la ofisi, na mchana huohuo abadilishe anavyosahihisha. Kama kuna mahali nimelisema jambo kwa wepesi kuliko lilivyo, nionyesheni, nitalirekebisha. Lakini maneno sitayapandisha."

Nyuma nilisikia mwalimu wa Lupaso anakohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Yule mama akafunga nakala yake. Walinitoa nje, wakaniita tena. Nimefaulu, nirekebishe jedwali moja na orodha ya marejeo. Makosa ya kweli yote mawili. Niliyakubali papo hapo.

Binti nilimkuta stoo kwake anapanga vitabu ndani ya maboksi. Mkataba wake ulikuwa unamhamishia kituo kingine, mkoa mwingine, na wala hakuwa ameniambia ili nisije nikavurugika. Nilimweleza maswali yote na majibu yote. Nilipofika kwenye "maneno sitayapandisha", akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Umewaambia hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Mimi nisingethubutu," akasema. Nikaona kwamba anasema kweli. Nikamsaidia kufunga maboksi, nikamwambia mambo mawili matatu ambayo mtu mzima anaweza kumwambia kijana aliyemfanyia jambo kubwa, na hayo tunabaki nayo mimi na yeye.

Shuleni tulikubaliana kuwa na alama ya tatu. Pata ipo, kosa lipo, na sasa kuna duara dogo lenye maana moja tu: njoo unieleze. Inakula muda wetu. Wakati wa mapumziko watoto wanapanga foleni mbele ya meza, na wapo wanaokuja kutetea makosa halisi kwa ujasiri unaochosha. Juzi mmoja alinishikilia kwamba saba kuongeza sita ni kumi na mbili kwa sababu kaka yake kasema. Mwalimu mmoja alilalamika kwenye kikao kwamba duara limemnyang'anya chai yake. Ni kweli limemnyang'anya. Bado analitumia.

Mwaka huu ofisi ya elimu iliniita Newala mjini niongee na walimu wa madarasa ya chini wa kata kadhaa. Niliandika kurasa mbili. Nilipomaliza kusoma, mwalimu mmoja mzee wa mstari wa mbele alisimama na kusema bila kuzunguka: "Dada, mtihani wa mwisho unataka jibu moja. Ukiwazoesha hivi watafeli, na lawama itakuwa yetu." Watu wakaitikia, tena wengi. Nikamwambia hofu yake naijua, nalala nayo pia. Nikamwambia jibu la mtihani nalifundisha, na nalifundisha kwa nguvu; ila kwanza nataka kujua mtoto ameona nini, kwa sababu mtoto aliyeona kitu na kukiandika naweza kumfikisha kwenye jibu la mtihani, na aliyeacha kuandika siwezi kumfikisha popote. Hakuridhika. Alikuja na swali jingine, nami nikalijibu, akaja na la tatu. Wapishi walikuja mlangoni mara mbili kutuambia wali unapoa, na sisi wote tukawa bado tumesimama, tunabishana.